MOTOKARI YA ZAMANI HUTOA DALILI KABLA YA AJALI
Namna ya kupima usukani na magurudumu ya mbele



Mgonjwa akifika dispansari, hatumpi dawa mara moja. Kwanza tunamwuliza, tunamtazama, tunamsikiliza, tunamgusa. Dawa inakuja mwisho. Motokari yako ya zamani, iwe Peugeot, Land Rover au Volkswagen, inataka kupimwa vivyo hivyo.

Peugeot 504 ilianza kutengenezwa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Ni gari yenye nguvu, lakini mashimo ya njia zetu, vumbi la kiangazi na matope ya masika vinakula chuma chochote. Usukani ukikatika mbele ya lori la shaba katika njia ya Likasi, ustadi wa shofere hausaidii tena. Mara nyingi hatari hiyo hutoa habari mapema. Jifunze kuisikia.

1. ULIZA

Gari inatetemeka kwa mwendo gani? Inavuta upande mmoja siku zote, au ukifunga freni tu? Inagonga ukipita shimo? Usukani umekuwa mlegevu? Andika majibu. Fundi akiyasoma, hatabadilisha vyombo kwa kubahatisha, na mfuko wako utapona.

2. TAZAMA MIPIRA

Mpira ni kama ulimi wa mgonjwa: unaonyesha ugonjwa ulioko ndani. Ukilika kingo zote mbili, upepo ni kidogo. Ukilika katikati, upepo umezidi. Ukilika ukingo mmoja, magurudumu hayakusimama sawa. Pitisha kiganja juu yake: ukisikia meno kama ya msumeno, paralelisme imeharibika. Ukiona mabonde mabonde, shuku amortisere.

Kununua mpira mpya bila kutafuta sababu ni kushusha homa na kuacha malaria. Mpira mpya nao utalika.

Kama gari inavuta upande mmoja, badilishana magurudumu ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto. Mvuto ukihama, kosa ni la mpira. Usipohama, tazama paralelisme na freni. Baada ya safari fupi sogeza mkono karibu na kila gurudumu, bila kugusa chuma. Lenye joto kuliko mwenzake, freni yake inashika.

Na kama gari inatetemeka baada ya mvua, osha kwanza ndani ya magurudumu. Tope lililokauka upande mmoja linatosha kutikisa usukani. Dawa yake ni ndoo ya maji.

3. GUSA

Kazi hii inataka watu wawili na kriki. Simamisha gari mahali pa tambarare, funga freni ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Ukiisha kuinua, weka kigogo kigumu chini ya gari. USIINGIE KAMWE CHINI YA GARI INAYOSHIKWA NA KRIKI PEKE YAKE. Kriki huteleza, na kifua cha mtu hakibebi gari.

Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage freni. Mchezo ukiisha, rulema imelika au imelegea. Ukibaki, ni rotila. Rotila ni tufe la chuma ndani ya kikombe, kama nyonga ya mtu. Kofia yake ya mpira ikipasuka, vumbi linaingia katika grisi na kusaga chuma.

Sasa shika kushoto na kulia. Likicheza hivi tu, tazama rotila za mikono ya usukani. Mwisho zungusha gurudumu: likinguruma, rulema inakufa.

Shusha gari. Mwenzako atikise usukani kidogo kidogo, nawe tazama mikono yake. Usukani wa 504 hautakiwi kuwa na mchezo. Land Rover ya zamani huwa nao kidogo, lakini ukizidi upana wa vidole viwili, nenda kwa fundi.

Kisha kandamiza pembe ya mbele ya gari, uiachie. Ipande, itulie. Ikiendelea kucheza ngoma, amortisere imekwisha.

4. AMUA

Rotila au rulema inayocheza: GARI ISITOKE, hata kwenda sokoni. Amortisere dhaifu au paralelisme mbaya: tengeneza upesi, na kabla ya siku hiyo endesha polepole, usibebe mizigo mizito.

Fundi akibadilisha rotila, mwombe aweke pini mpya ya kufungia nati. Usikubali msumari wala waya. Paralelisme ifanywe mwisho, vyombo vyote vikiisha kuwa vizima. Kuipima juu ya rotila iliyolika ni kupima urefu wa mtu anayechechemea.

Kama gari yako ina mahali pa kutia grisi, itie kabla ya mvua na baada ya mvua.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Gurudumu linacheza juu na chini, na ukikanyaga freni mchezo unaisha. Ni kitu gani?
2. Kwa nini paralelisme inafanywa mwisho?
3. Nini kinawekwa chini ya gari pamoja na kriki?

Baba, waulize watoto. Mama, mwulize baba kabla hajawasha gari ya kuwapeleka nyote Likasi. Mgodini huingii bila kofia yako. Basi usiingie njiani bila kujua kama gurudumu limeshika.