Desemba ya mpiga picha: wateja Dar, familia Marangu, na picha zako mwenyewe

Kwa sisi tunaopiga picha za familia Dar es Salaam, Desemba ndiyo mwezi wa mavuno. Shule zimefungwa, ndugu wamerudi kutoka Ulaya na Marekani, na kila nyumba inataka picha ya pamoja kabla watu hawajatawanyika tena. Desemba hiyohiyo, aliyeolewa Uchaggani anatakiwa awe amefika nyumbani. Mimi nimeolewa Marangu. Wateja wanapoanza kupiga simu, mama mkwe naye anapiga: "Mama, mnakuja lini?" Na katikati ya simu hizo zipo picha zangu mwenyewe, zile ambazo hakuna aliyenituma wala kunilipa, na ambazo nazipenda kuliko zote.

Namwandikia mpiga picha mwenzangu, hasa mama mwenye watoto, ambaye picha zake mwenyewe zinasubiri "nikipata nafasi". Nafasi hiyo lazima uitenge, tena mapema.

Mimi naanza Septemba, na mpangilio wa kuandika kalenda ni muhimu kuliko kalenda yenyewe. Kwanza naandika siku za nyumbani: siku ya kusafiri, mkesha, Krismasi, tarehe 26, Mwaka Mpya. Kisha naandika saa za picha zangu. Siku zinazobaki ndizo za wateja. Ukigeuza mpangilio huu, ukawapa wateja kwanza, utaona Desemba imejaa hadi tarehe 24 usiku na wewe uko Mbezi Luis unatafuta basi la Moshi katika wiki ambayo kila mtu anatafuta basi la Moshi. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 500, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, watoto wakiwa mapajani. Ukifika umechoka namna hiyo, kamera haitoki kwenye mkoba.

Mteja akiambiwa Septemba kwamba unafunga tarehe 18 Desemba, anajipanga. Akiambiwa tarehe 10 Desemba, umemwangusha. Tarehe inashikwa na kianzio cha nusu ya malipo; bila kianzio iko wazi kwa mwingine, hata kama anayeomba ni rafiki. Waambie pia mapema lini watapata picha: waliopigwa kabla ya tarehe 10 wanazipata kabla ya Krismasi, wengine wiki ya pili ya Januari. Watu wengi wanakubali kusubiri, mradi wajue wanasubiri hadi lini.

Na usichukue zaidi ya familia mbili kwa siku, moja asubuhi na moja jioni. Jua lenyewe linakubaliana na kanuni hiyo. Desemba, Dar es Salaam, saa sita mchana jua liko karibu utosini. Macho yanakuwa mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni, na watoto wanakunja sura. Familia ya tatu utakayoibana mchana itakulipa, lakini picha zake hutataka kumwonyesha mtu.

Wateja wangu Waislamu wana kalenda yao, nami naifuata. Idd inategemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo siwapangii Idd mosi. Siku hiyo ni ya swala, kutembeleana, na watoto kuzunguka kutafuta mkono wa Idd. Tunapanga Idd pili au mwisho wa wiki unaofuata, wakati nguo mpya bado mpya na watu wametulia. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, Idd inazidi kurudi nyuma kwenye kalenda yetu ya kawaida, na mwaka 2033 Idd el Fitri inatarajiwa kuangukia siku chache tu kabla ya Krismasi. Anayekusudia kudumu katika kazi hii aanze kuifikiria Desemba hiyo.

Kuhusu nyumbani, nitasema moja tu, kwa sababu kila nyumba ina taratibu zake. Kompyuta inabaki Dar. Kabla ya kusafiri nanakili picha zote za wateja kwenye diski mbili, moja inakaa kwangu na nyingine kwa dada yangu, na kadi haifutwi hadi mteja awe amepokea kazi yake. Baada ya hapo hakuna kuhariri usiku ukumbini kwa mama mkwe huku wengine wakizungumza. Mimi na mume wangu tulikubaliana hivyo, na watoto wanajua.

Sasa Marangu. Ukiwa mpiga picha, ukoo mzima unakuhesabu kuwa wa kwao, na ni haki yao. "Wewe si ndiye mwenye kamera, njoo utupige." Ukikubali kila anayekuita, sikukuu inaisha hujakaa chini kula mtori. Ukikataa, umejenga uadui. Njia iliyonifaa ni kuwa na saa moja ya ukoo: tarehe 26, saa kumi jioni, kabla mbege haijazunguka sana. Kwanza picha ya wote, wazee wakiwa wamekaa mbele, kisha kila kaya peke yake, kisha wajukuu. Tangazo la saa hiyo alitoe baba mkwe au mkubwa wa ukoo. Mkwe akilisema anaonekana ana maringo. Mzee akilisema, ni utaratibu wa nyumba. Kabla ya kurudi Dar napita Moshi mjini, nazichapa za wazee kwenye karatasi na kumwachia shemeji awapelekee. Bibi hana simu ya kufungulia picha, na yeye ndiye anayezitaka kuliko wote.

Majirani nao watakuja na kipaimara, ubatizo, harusi. Hizo nazikataa kwa adabu na kuwapa namba za wapiga picha wa Moshi. Wale Desemba ndiyo inayowalisha mwaka mzima, na sioni sababu ya mtu aliyekuja likizo kuwachukulia riziki.

Mwanga wa kihambani una taabu yake. Chini ya migomba kila kitu ni kijani, na kijani hicho kinapanda kwenye ngozi. Mtu mwenye afya anaonekana mgonjwa. Usijaribu kuumaliza ugonjwa huo kwenye kompyuta. Mtoe mtu hadi ukingoni mwa migomba, palipo na anga wazi, au msimamishe kwenye mlango wa jiko la nje akitazama uani. Ukuta mweupe ulio karibu, au shuka jeupe linaloshikwa na mtoto mmoja, unarudisha mwanga safi usoni. Pima mwanga kwa kufuata uso, kwa sababu kamera ikiona gauni jeupe la sikukuu itauzamisha uso gizani. Kwa watoto wanaokimbia usishuke chini ya 1/250.

Picha zangu mwenyewe nazipiga mahali pamoja tu: penye uzio wa masale, pale njia inapoingia kihambani. Wachagga wamepanda masale kwenye mipaka yao tangu zamani, na jani lake ndilo linalopelekwa kuomba msamaha, kwa hiyo hakuna anayeuliza kwa nini nimepachagua. Kila Desemba, lenzi ileile ya milimita 35, umbali uleule, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika mlima. Anasimama mmoja mmoja, kila aliyefika mwaka huo. Mpiga picha Mmarekani Nicholas Nixon alianza mwaka 1975 kumpiga picha mkewe pamoja na dada watatu wa mkewe, kila mwaka, wakiwa wamejipanga kwa utaratibu uleule, akaendelea kwa zaidi ya miaka 40. Nilichojifunza kwake ni kuifanya kanuni ndogo. Kazi inayohitaji wiki nzima mbali na watoto haitafika mwaka wa pili. Inayohitaji nusu saa kabla ya chai inafika.

Tena watoto wanaingia humo. Mwanangu mkubwa anashika daftari: jina kamili, ni mtoto wa nani, tarehe. Usiliache daftari hilo. Picha isiyo na jina, kizazi kimoja kikipita, ni picha ya mtu asiyejulikana. Mdogo anajifunza kubonyeza, na kwa sababu hiyo nami nimo kwenye mfululizo, jambo ambalo akina mama wengi wenye kamera hawawezi kulisema.

Sizitundiki zote mtandaoni. Mzee aliyedhoofika, mtoto aliyevuliwa nguo ya juu kwa joto, hao wanabaki kwenye albamu ya nyumbani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ridhaa ya mzazi kabla ya kurusha picha ya mtoto wake ni jambo la kuombwa hata kwa wifi yako. Akisema hapana, ni hapana, hata kama ndiyo picha bora ya mwaka.

Basi Septemba ikifika, chukua kalamu kabla hujapokea simu yoyote ya mteja. Na wewe unayetaka picha ya familia Krismasi hii hapa Dar: nafunga tarehe 18 Desemba, na kianzio napokea hadi mwisho wa Oktoba.