Maandalizi ya Mtihani wa CCRN kwa Wauguzi wa Wagonjwa Mahututi

Mtihani wa CCRN, unaotolewa nchini Marekani chini ya chama cha AACN, una maswali 150 yanayojibiwa kwa saa 3. Kati yake, 25 hayahesabiwi katika alama, wala mtahiniwa hawezi kuyatambua. Kila swali, basi, lina sekunde 72.

Kukariri vitabu hakutoshi, kwa kuwa maswali mengi humtaka muuguzi aamue lipi litangulie. Achukuliwe mgonjwa wa sepsisi mwenye shinikizo la damu 100/44. Ile 100 humtuliza mwenye haraka. Lakini shinikizo la wastani la ateri hupatikana kwa kujumlisha namba ya juu na ya chini mara mbili, kisha kugawa kwa tatu: takriban 63, chini ya lengo la kawaida la 65. Mkojo ukipungua chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa (jambo ambalo ndugu zake mara nyingi hulitambua mapema), viungo havipati damu ya kutosha. Hesabu hiyo ifanyiwe mazoezi wodini, kando ya kitanda, kila zamu, hadi ifanyike bila karatasi.