Mkono unaobaki nyuma: mazoezi ya nyumbani kwa mtoto mwenye udhaifu wa upande mmoja

Kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mtoto hutumia mikono yote miwili bila kubagua. Ukiona wako wa miezi saba anavusha mkono wa kuume hadi upande wa kushoto ili ashike kijiko, huku wa kushoto ameukunja ngumi, mpeleke aangaliwe. Si karuho (sumu ya kurogwa), wala si kosa la mama. Sehemu ya upande mmoja wa ubongo imeumia: pengine damu haikuifikia mtoto angali tumboni, pengine alizaliwa kabla ya wakati. Baadaye huweza kuwa ni malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo au jeraha la kichwa.

Wazazi wengi hukanda na kunyoosha mkono huo kila asubuhi. Kunyoosha peke yake hakufundishi mkono kazi. Mkono hujifunza pale mtoto mwenyewe anapoutumia, kwa jambo analolitaka, mara nyingi, siku baada ya siku.

Njia zinazojulikana ni mbili. Ya kwanza ni kuuvisha mkono wenye nguvu soksi au glavu kwa muda wa mchezo, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Anza na nusu saa, mtoto akiwa amekaa. Usifunge kamba, na umvue akisimama: ardhi ya Kanyaruchinya, karibu na Goma, ni mawe makali ya volkano, naye akianguka anahitaji mikono yote. Akilia sana, acha. Njia ya pili ni michezo ya mikono miwili. Njia hizi mbili zikifanywa kwa saa sawa, matokeo yake hukaribiana. Mimi nyumbani ningeanza na ya pili, kwa kuwa kuvaa, kula na kufua vyote vinadai mikono miwili.

Kwa mfano, chukua maharage mabichi. Mkono dhaifu unashika ganda, mwingine unalipasua na kutoa mbegu. Usimshike mkono na kumsogezea. Weka bakuli upande ule dhaifu, kisha ngoja. Ganda litamponyoka, ataliokota. Akizoea, mpe kazi ngumu kidogo: kufungua kifuniko cha chupa, kumenya kiazi kilichochemshwa na kupoa, kubeba kibidoni chenye maji kidogo. Aliye mkubwa ashike usukani wa chukudu ndogo, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, mahali tambarare. Dada na kaka wasimfanyie kila kitu, hata akichelewa.

Mkono huo huenda hauhisi moto vizuri. Mweke mbali na mbabula, yaani jiko la makaa.

Mjini Goma, kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja kimezoea kazi hii. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuonyesha namna ya kumkalisha, na kama anahitaji kifaa cha kushikilia kifundo cha mkono. Lakini udhaifu ukianza ghafla, au akipata degedege, au akipoteza uwezo aliokuwa nao, nenda hospitali siku hiyohiyo.