Somo kwa Makatibu: Habari Isiyo na Pengo

Katibu wa chama cha msingi ni macho na masikio ya wanachama. Habari anayoipeleka katika jarida la chama kikuu, au anayoibandika ukutani mwa ghala, humfanya mkulima aache jembe na kushika safari. Kwa hiyo habari yenye pengo ni hasara kwake.

Ichukuliwe kwa mfano habari hii: "Malipo ya pili ya kahawa yatatolewa hivi karibuni. Wanachama wote wanaombwa kufika." Lugha yake ni safi, lakini haina kiasi, siku wala mahali. Bibi kizee atapanda kilima mara tatu na kurudi mikono mitupu. Mara ya tatu atamsikia jirani akisema kuwa fedha zimeliwa, naye ataamini. Pengo aliloliacha katibu limezibwa na uvumi.

Habari iliyokamilika hujibu maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, na kwa namna gani. Habari ile ile ingefaa iandikwe hivi:

"Wanachama waliouza kahawa msimu wa 2023/2024 watalipwa malipo ya pili, shilingi 400 kwa kilo, katika ghala la chama, Jumanne tarehe 14 Januari 2025, kuanzia saa 3 asubuhi. Kila mmoja aje na stakabadhi zake. Malipo yamechelewa kwa sababu fedha za mnada zilichelewa kufika."

Hapo kila swali limejibiwa, hata lile la kwa nini, ambalo ni rahisi kulikwepa.

Yako mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, jambo kuu litangulie. Majina ya wageni na shukrani yafuate. Pili, kila tarakimu ilinganishwe na daftari kabla ya habari kutumwa. Tatu, maneno kama "zamani", "wengi" na "inasemekana" yaepukwe. Anayeandika kwamba vyama vikuu vya ushirika Tanzania vilivunjwa zamani hamfundishi kijana kitu. Anayeandika kwamba vilivunjwa mwaka 1976, na kwamba Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1982 iliruhusu viundwe upya, amempa jambo la kushika.

Zoezi: Katibu na wajumbe wa kamati wachukue tangazo la mwisho la chama chao, walipime kwa maswali yote sita. Swali litakalokosa jibu ndilo mwanachama atakaloliuliza kesho mlangoni.