Kisha zoruba, hesabu viwavi mbele ya kununua dawa

Ndugu walimaji, kila mwaka mwezi wa 12 na wa 1, koperative za huku Likasi zinatuuliza swali moja: mvua kali ikipita, viwavi vya mahindi vinakufa ao vinaongezeka? Wamoja wanasema mvua ni dawa ya Mungu. Wengine wanasema zoruba njo inavileta. Pande zote mbili zinasema kweli, lakini si kwa siku moja. Tutenganishe hayo mambo, sababu franga za dawa zinatoka mu kasha ya koperative.

Kiwavi tunachozungumuzia ni kile cha kutoka Amerika, chenille légionnaire d'automne. Tanzania wanakiita kiwavijeshi vamizi. Zamani hakikuwa huku. Mu Afrika kilionekana mara ya kwanza mwaka wa 2016, kule Nigeria, Benin, Togo na Sao Tome. Mwisho wa mwaka ule ule kilikuwa tayari Zambia, jirani yetu, na kufika 2018 kilikuwa mu inchi zaidi ya 40 za Afrika. Alama zake: juu ya uso kuko Y yenye kugeuka chini, na karibu na mukia madoa 4 meusi yenye kupangwa kama pembe nne.

Ginsi gani kilikimbia hivyo? Ni upepo. Kipepeo yake inaruka usiku, inapanda juu na kufuata upepo, na inaweza kwenda kilometre 100 kwa usiku mumoja. Kule Marekani walishaona vipepeo vilivyotoka Mississippi na kufika Canada, karibu kilometre 1600, kwa saa 30. Kwa hiyo shamba lako linaweza kuwa safi leo, na kesho kutwa mayai yako juu ya majani.

Na si mududu huyo peke yake. Kiwavijeshi cha kwetu cha zamani, kile kinachotembea kwa vikundi na kula majani ya pori na mahindi pamoja, kinajulikana sana Kenya na Tanzania kwamba kinalipuka kisha zoruba za kwanza za mvua: pepo zinakutana, vipepeo vinakusanyika fasi moja, vinashuka na mvua. Munakumbuka pia nzige wa 2020? Hao hawakutoka inchi ya ngambo mara ya kwanza, lakini zoruba njo iliwapa nguvu. Vimbunga Mekunu na Luban vya 2018 vililowanisha jangwa la Arabuni, nzige wakazaana mule bila mutu kuwaona. Mwezi wa 2 mwaka wa 2020 walifika hata upande wetu wa ziwa Albert.

Sasa upande mwingine. Kiwavi kikitoka mu yai ni kidogo kabisa. Mvua ya nguvu inakiangusha chini, ao maji yanajaa mu moyo wa muhindi na kukizamisha. Udongo wenye kuruka na matone unaingia pia mule ndani na kukisumbua. Kuna walimaji wa Amerika ya kati wanaotia udongo kiloko mu moyo wa muhindi kwa mukono, kazi ile ile. Lakini kiwavi kikubwa hakijali sana. Kimeingia ndani na kujifunga na mavi yake, yenye kufanana na unga wa mbao. Mvua haikifikie, na dawa pia haikifikie vizuri. Tena, viwavi vidogo vinatoa uzi mwembamba, upepo unavibeba mpaka muhindi wa jirani.

Njo maana ninawaomba: zoruba ikipita leo, musikimbilie pompi kesho. Mungojee siku 2 ao 3, halafu muhesabu. Muingie mu shamba kwa njia ya kona-kona, musimame fasi 5, kila fasi muangalie mihindi 10. Kama mahindi ni madogo, chini ya magoti, na mihindi 10 kati ya 50 iko na alama mpya ya kuliwa, hapo dawa inafaa. Yakipita magoti, mungojee mpaka 20 kati ya 50. Yakianza kutoa maua, kwa mulimaji mudogo dawa ni hasara tu.

Muangalie vizuri: majani yenye kupasuka kwa mvua ya mawe si ya kiwavi. Kiwavi kinaacha matundu na mavi. Muhindi mudogo wenye majani chini ya sita, hata ukipasuliwa na mawe, mara nyingi unarudi, sababu moyo wake ungali chini ya udongo. Nimeona watu wananyunyizia dawa mawe ya mvua!

Mukinyunyizia, iwe asubuhi mapema. Jioni pia kiwavi kinakula, lakini huku mvua inapenda kuja mchana na dawa itaoshwa mbele ya kukauka. Na upepo ukivuma kuelekea pori, muache kabisa. Dawa hiyo haichague: inaua vinkubala vilivyo juu ya miti ya miombo sawa na kiwavi cha mahindi, na familia nyingi zinauza vinkubala kwa kulipa masomo ya watoto. Wale wenye mashamba karibu na pori waache mistari ya mwisho bila dawa, waokote viwavi na mayai kwa mukono.

Kisha siku 7 muhesabu tena, hata kama mara ya kwanza hamukuona kitu. Vipepeo vilivyoletwa na upepo wa zoruba vinataga mayai yenye kufunikwa na manyoya kama pamba, na mu joto yanapasuka kwa siku 2 ao 3. Mukiyasaga na vidole mbele ya hapo, hamutumii franga hata moja.