Usalama na Afya: Siku ya Mashindano ya Kuloba Samaki



Kazini tunakukumbusha kila siku: vaa kaske, funga mukaba, usipite chini ya muzigo unaoninginia. Unasikia na unafanya. Lakini siku ya Mungu, ukienda kuloba pa ziwa la Nzilo, nani atakukumbusha? Kapita hayuko. Kengele hailie. Na maji ya Lualaba hayajui kama wewe ni fundi muzuri wa mashini.

Kuloba peke yako na kuloba kwa mashindano si jambo moja. Ule anayeloba peke yake, upepo ukianza kupiga, anakunja uzi na kurudi. Ule wa mashindano anaangalia saa, anafikiri mizani, anaona bwato la mwenziwe limejaa, na anasema: "Bado samaki mumoja tu." Pale ndipo hatari inaingia. Wewe unayetoka kazi ya usiku asubuhi ile ile na kuingia bwatoni bila kulala, utaona hatari hiyo mbele ya wengine, ama hutaiona kabisa.

Marekani wanajua jambo hili. Mwaka wa 1967 mutu mumoja, jina lake Ray Scott, alikusanya walobaji 106 pa ziwa Beaver, katika jimbo la Arkansas, kushindana kuloba samaki anayeitwa bass. Mashindano yale yakakuwa makubwa sana, na sheria zikakuja nayo. Motere ikiwaka, kila mutu bwatoni anapashwa kuwa amevaa jile ya kuokolea. Mwenye kuongoza anajifunga kamba fupi inayozimisha motere akianguka majini. Wale ni walobaji wakubwa, wengine wanaishi kwa kazi hiyo, na hawaone haya kuvaa jile. Kwetu utasikia mutu anasema: "Mimi nilizaliwa pembeni ya muto, jile ni ya watoto." Kujua kuogelea ni vizuri. Lakini ukipiga kichwa kwa bwato wakati wa kuanguka, ama ukianguka na mabote yakijaa maji na koti nzito, kuogelea kwako kutakusaidia nini?

Angalia namna watu wanavyoanguka. Mara nyingi si zoruba. Mutu amesimama kuvuta samaki mukubwa. Mutu amesimama kukojoa. Wawili wameegemea upande mumoja ili waone samaki. Bwato la muti mumoja linageuka upesi kuliko unavyosema "angaria". Basi kaa chini. Vuta samaki ukiwa umekaa. Na pombe ibaki pwani mpaka mizani imekwisha. Lutuku zaidi, sababu inapoteza usawa wa mwili na inakupa ushujaa usio wako.

Kama jile haziko za kutosha, usiingie majini. Wenye kupanga mashindano wahesabu watu na jile mbele ya kuhesabu zawadi. Ndani ya kila bwato muwe na kamba ndefu na bidoni tupu ya lita 20, kifuniko chake kimefungwa sana. Hiyo inaweza kubeba mutu juu ya maji.

Mwenzako akianguka, usiruke nyuma yake. Mutu anayezama anashika chochote, na atakushika wewe shingoni. Mupe kasia ashike, mutupie bidoni na kamba. Ukimutoa naye hapumui, usimuninginize miguu juu, usimukamue tumbo ili maji yatoke. Watu wengi wanafanya vile, na wanapoteza dakika zilizobaki. Mulaze chali, inua kidevu, ziba pua, mupulizie pumzi 5 kinywani mpaka uone kifua kinapanda. Kisha weka mikono katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu mara 30, pumzi 2, tena 30, tena 2, bila kuacha, mpaka apumue ao munganga afike. Mwingine akimbie kutafuta motokari. Hata akiamuka na kucheka, apelekwe lupitalo siku ile ile, sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumusumbua nyuma ya saa nyingi.

Tena jambo la Nzilo yenyewe. Ukuta ule ulijengwa katika miaka ya 1950 kutoa umeme wa migodi, na ungali kiwanda. Usilobe karibu ya ukuta, wala karibu ya mahali maji yanapoingia kwenda kwa mashini. Chini ya ukuta, maji yanaweza kupanda gafula wakifungua milango, na jiwe ulilosimamia linakuwa ndani ya muto. Tena angalia juu. Waya za umeme mukubwa zinapita katika pori lile. Fimbo za kulobea za siku hizi, zile nyeusi na nyepesi, zina kaboni ndani, na kaboni inapitisha umeme. Kila fundi wa umeme anajua habari hii kazini. Siku ya Mungu anaibeba fimbo ya metre 4 wima begani kama bendera. Ilaze wakati unatembea. Na ukisikia radi ya kwanza ya mwezi wa kumi, toka majini, mashindano yangoje.

Ndoano ikiingia mukononi, usiirudishe nyuma kwa nguvu. Ina jino, itapasua nyama. Kata uzi, funika na kitambaa safi, uende dispansere. Ikiwa karibu ya jicho, usiiguse hata kidogo. Uliza munganga kama sindano yako ya pepopunda ingali na nguvu. Hata mwiba wa kambale unaleta kidonda kibaya, wengi wanakidharau mpaka mukono unavimba na mutu anakosa kazi.

Sasa tuseme juu ya mama na watoto, sababu siku ya mashindano familia yote inakuja. Baba yuko bwatoni, watoto wanacheza pwani, maji yanafika magotini, ni ya moto, kuna majani na konokono wadogo. Mahali pazuri kabisa, utasema. Pale ndipo bilharzia inakaa. Mutu mugonjwa anakojoa ao ananya majini. Mayai ya mududu yanapasuka, yanaingia ndani ya konokono, na nyuma ya majuma wadudu wadogo sana wanatoka kwa maelfu. Hauwaone. Wanapita ndani ya ngozi isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Wanatoka kwa wingi wakati jua ni kali, katikati ya siku, saa ile ile watoto wanaoga. Zamani walitupa chumvi ya shaba majini kuua konokono wale; shaba yetu ilikuwa dawa. Lakini iliua samaki pia.

Kwa hiyo chimba choo mbali na maji mbele ya sherehe kuanza. Lete maji ya kuogesha watoto kutoka nyumbani. Kama unaingia majini kusukuma bwato, vaa mabote marefu, na ukitoka jipanguse upesi na kitambaa kikavu. Kujipangusa kunasaidia, hakuzuie kabisa.

Kuhusu samaki: usilobe pa muferezi unaobeba maji ya kiwanda. Mwaka wa 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wa Louvain walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu ya migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi ndani ya mukojo. Ndani ya samaki, madini hukusanyika zaidi kwa maini na mashavu ya kupumulia. Tupa matumbo yote, usiwapikie watoto.

Mama, andika tarehe ya mashindano pa kalenda ya nyumba. Siku za kwanza mutoto anaweza kuwashwa ngozi. Nyuma ya majuma machache, homa na kikohozi. Nyuma ya miezi, damu ndani ya mukojo, ao tumbo kuuma na damu ndani ya mavi. Wazee wengine wanasema mukojo wa damu ni alama ya kijana kukomaa. Ni ugonjwa. Dawa yake iko, inaitwa prazikwanteli, inanywewa siku moja kwa kipimo cha uzito wa mutu. Lakini inaua wadudu wakubwa tu, wadogo wanabaki. Kwa hiyo usikimbilie dispansere kesho yake. Peleka mutoto nyuma ya majuma sita ao nane, na umwambie munganga siku gani aliingia majini, na mahali gani.