Tumpeleke Wapi Mwenye Kuugua Akili?

Somo kwa walimu wa sharika na wazee wa kanisa wa Kigoma, Ujiji na mwambao wa Tanganyika



Mtu akivunjika mguu katika kijiji cha mwambao, hakuna aulizaye apelekwe wapi. Watu hutafuta boti, humlaza vema, husafiri naye hata Kibirizi, na kutoka hapo humfikisha hospitali. Lakini mtu akiugua akili, mashauri hugawanyika. Mjomba asema ni pepo. Jirani asema amerogwa. Mwingine asema ni bangi tu, achapwe atapona. Siku hupita, miezi hupita, mali ya nyumba huisha, na mwishowe mgonjwa hufungwa kamba nyuma ya nyumba. Ndipo mwalimu wa usharika huitwa, naye hukuta shauri limekwisha kuharibika.

Kwa hiyo yafaa mwalimu aijue njia mapema, kabla hajaitwa. Neno kuu la somo hili ni hili: msaada u karibu kuliko tunavyodhani, nao huanza mlangoni pa zahanati.

1. Ugonjwa huu ni ugonjwa

Shirika la Afya Duniani limehesabu ya kuwa mwaka 2019 mtu mmoja katika kila wanane ulimwenguni alikuwa na ugonjwa wa akili wa namna fulani. Mkoa wa Kigoma, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu zaidi ya milioni 2.4. Hata kama kwetu hesabu ingekuwa nusu ya ile ya ulimwengu, usharika usio na mgonjwa wa namna hii haupo. Ikiwa hatuwaoni, ni kwa sababu wamefichwa.

Tena si wote wapigao kelele njiani. Yuko asikiaye sauti ambazo wengine hawazisikii, na kuwashuku hata ndugu zake. Ugonjwa huo waganga wa hospitali huuita skizofrenia. Yuko mwenye huzuni kuu, yaani sonona: halali vema, chakula hakimpendezi, kazi imemshinda, naye ajiona hana faida duniani. Yuko apandaye juu kwa furaha ipitayo kiasi, akatumia fedha yote na kukesha siku nyingi bila kuchoka, kisha akaanguka katika huzuni. Yuko mama aliyejifungua juzi, naye alia wala hataki kumtazama mtoto wake. Yuko aliyefungwa na pombe. Na mwenye kifafa, ingawa kifafa ni ugonjwa wa ubongo na si wazimu, mara nyingi hutibiwa katika kliniki ile ile. Naye kwetu ana hatari kubwa, maana akishikwa akiwa mtumbwini aweza kuzama. Mate yake hayaambukizi mtu. Kwa hiyo asiachwe motoni wala majini kwa hofu ya kumgusa.

2. Kwa nini tuanze zahanati?

Wengine hudhani ya kuwa zahanati ni ya homa na vidonda tu, na ya kuwa mwenye wazimu hana njia ila kwenda Dodoma. Sivyo. Mtu aliyekuwa mzima jana, na leo asema maneno yasiyo na maana, huenda hana ugonjwa wa akili hata kidogo. Malaria kali ikipanda kichwani huvuruga fahamu. Sukari ikishuka mno, mtu huwa kama mlevi. Homa ya uti wa mgongo na Ukimwi nazo huweza kugusa ubongo. Tena upo ugonjwa wa malale, uletwao na mbung'o, ambao nchi za Kigoma na Tabora zimeujua tangu zamani: mtu husinzia mchana, hukesha usiku, na tabia yake hugeuka hata ndugu zake wasimtambue. Magonjwa haya hayangoji. Malaria ya kichwani huweza kuua kwa siku chache, na mtu aliyekuwa akitolewa pepo usiku huzikwa asubuhi.

Basi, kipimo cha damu kitangulie mashauri yote mengine. Maombi hayazuiwi na kipimo. Twaweza kuomba tukiwa njiani.

3. Ngazi za msaada

Msaada wa serikali umepangwa kama ngazi. Ngazi ya kwanza ni zahanati ya kijiji. Ya pili ni kituo cha afya, kama kile cha Ujiji. Ya tatu ni hospitali ya wilaya. Ya nne, kwa mkoa wetu, ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, iliyo mjini Kigoma. Hapo ndipo pa kuulizia kliniki ya afya ya akili, na siku zake za juma. Juu yake ziko hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza, na Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927 na ambayo leo ni hospitali ya taifa kwa magonjwa ya akili.

Wazee wetu waliijua Mirembe kwa habari ya reli. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na njia ile ile ipitayo Tabora hufika Dodoma, mwendo wa kilomita zipatazo 800. Mtu akipelekwa huko, kijijini walimhesabu kama aliyekufa. Hofu hiyo ingali inawazuia wengi hata leo, nao hawasemi neno zahanati wasije wakachukuliwa mbali. Waambieni wazi: wagonjwa walio wengi hawana haja ya safari hiyo. Hutibiwa karibu na kwao, hulala nyumbani, nao huja kliniki kwa siku zilizowekwa. Tena Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 yaruhusu mgonjwa kuingia hospitali kwa hiari yake mwenyewe.

Mpandapo ngazi, shikeni barua ya rufaa kutoka ngazi ya chini, maana huwaeleza walioko juu yaliyokwisha kufanyika. Pelekeni na dawa zote alizokunywa, hata za miti shamba. Na aende pamoja naye mtu aliyeuona ugonjwa tangu mwanzo, aweze kujibu: Ulianza lini? Analala? Anakula? Amekunywa nini? Katika jamaa yake yuko aliyeugua hivi? Majibu ya mtu huyu yana faida sawa na vipimo. Na kama nyumba haina fedha, mwulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali habari za msamaha wa malipo. Kazi yake ni pamoja na hiyo.

4. Tutawatambuaje watabibu wa kweli?

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari aliyeongeza masomo ya miaka mingi juu ya udaktari. Hao ni wachache mno katika Tanzania nzima, basi msishangae msipomkuta. Tabibu na muuguzi wa afya ya akili ndio mtakaowaona mara nyingi, nao wamefundishwa kuutambua ugonjwa, kuanza dawa au kuzisimamia. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Yeye hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu, siku kwa siku, hata mtu ajue kuyashika mawazo yake. Mnasihi husikiliza na kushauri.

Madaktari huandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na wauguzi na Baraza lao la Uuguzi na Ukunga. Ajitangazaye sokoni au mwaloni ya kuwa huponya kila wazimu kwa siku tatu, akidai mbuzi au fedha kwanza, asiye na cheti wala mahali panapojulikana, huyo msimwamini. Na amwambiaye mgonjwa atupe dawa za hospitali ili aonyeshe imani yake, hata akija na Biblia mkononi, mkatazeni.

5. Habari za dawa

Wengi hupotea hapa, baada ya kufika hospitali salama. Dawa za sonona hazifanyi kazi siku ile ile. Huhitaji wiki mbili hata nne. Jamaa wasiojua hilo husema baada ya siku tano, "Hazina nguvu," wakaziacha. Dawa za skizofrenia nazo, kama haloperidoli, huweza kukaza shingo na ulimi, au kutoa mate mengi. Watu huogopa, wakadhani mgonjwa ametiliwa sumu. Wasizitupe, wamrudishe kliniki upesi, maana iko dawa ya kulegeza ukakamavu huo, au kipimo hupunguzwa.

Hatari nyingine ni kupona. Mtu akiona akili imetulia husema, "Nimekwisha kupona, ya nini vidonge?" Baada ya miezi ugonjwa hurudi, na mara nyingi hurudi kwa ukali. Dawa huachwa kwa shauri la kliniki, tena polepole.

Kwa wavuvi yako mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku, na kukosa usingizi huweza kuuamsha ugonjwa uliolala. Yafaa mgonjwa apewe kazi ya mchana, ya kuanika au kushona nyavu. La pili, wavuvi huhama kambi. Mwulizeni muuguzi kama yako matibabu ya sindano ya mara moja kwa mwezi au karibu ya hapo, yafaayo kwa asiyekaa mahali pamoja. Na siku ya kliniki ikiwezekana iwekwe wakati wa mbalamwezi, ambapo taa hazivuti dagaa na boti zimepumzika. Ndipo mgonjwa na ndugu zake watapata nafasi.

6. Kazi ya usharika

Kanisa letu si geni katika kazi hii. Mwaka 1896 huko Lutindi, katika milima ya Usambara, palifunguliwa nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani, katika biashara ile ile iliyoifanya Ujiji kuwa kituo kikubwa cha misafara. Tangu mwaka 1904 nyumba hiyo ikaanza kupokea wenye kuugua akili, ikawa ya kwanza ya namna yake katika Afrika ya Mashariki. Waliowaanzishia kazi hiyo hawakuwa na dawa za leo. Dawa ya kwanza ya kutuliza wazimu, klopromazini, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Walikuwa na kitanda, chakula, kazi ya shamba na ya mikono, na subira. Hayo yote usharika wowote wa Kigoma unayo.

Yule mtu wa makaburini katika Marko sura ya 5 alifungwa minyororo mara nyingi, wala minyororo haikumponya. Alipopona akatumwa arudi kwao. Na Eliya, alipoomba afe chini ya mti, hakukaripiwa. Alipewa usingizi, akapewa mkate na maji, kisha akaongozwa njiani. Mwalimu ana mfano wa kutosha hapo.

Basi mwalimu afanye haya. Awasindikize zahanati yeye mwenyewe, maana watu humfuata atanguliaye. Aandike siku za kliniki katika daftari lake, aulize kama dawa zimekwisha. Awaombe jamaa wafungue kamba, na mgonjwa akiwa mkali, atafute watu wawili wapole wa kukaa naye hata afikishwe hospitali. Na mtu akisema amechoka kuishi, mwalimu asiogope kumwuliza wazi kama awaza kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo jipya. Humfungulia mlango wa kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata saa moja. Kamba, visu na sumu za shamba ziondolewe, naye apelekwe siku ile ile.

Tena mwalimu atunze siri. Ugonjwa wa mtu si habari ya kutangazwa, hata katika maombi ya kanisani, ila yeye mwenyewe akipenda.

Maswali ya kufikiri pamoja

1. Zahanati iliyo karibu na mtaa wenu iko wapi, na nani kati yenu amjuaye mhudumu wake?
2. Kwa nini mtu aliyevurugika ghafula apimwe damu kwanza?
3. Mtajibu nini kwa jamaa asemaye, "Dawa zimemkaza shingo, tumezitupa"?
4. Je, katika mtaa wenu yuko mtu aliyefichwa nyuma ya nyumba? Nani atakwenda kumtazama juma hili?